Mke wangu anaficha mchele uvunguni

Dada Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mstaafu, nina miaka 58. Niliomba kustaafu kwa hiari nilipofikisha 55, na mwaka uliofuata mimi na mama watoto tukahama Dar es Salaam kuja kwenye shamba aliloniachia marehemu baba, huku Muheza. Tuna michungwa, minazi kadhaa, muhogo, na bustani ndogo nyuma ya nyumba. Watoto wote wana miji yao.

Kilichonihamisha ni presha. Kazini nilikuwa nakula chipsi mayai mchana, soda juu yake, na jioni nyama choma na wenzangu. Daktari akaniambia waziwazi kwamba nikiendelea hivyo pensheni yangu wataila wengine. Nikashtuka. Nikajiapiza kuwa nikistaafu nitaishi maisha mepesi, nile walivyokula babu zetu: kinachotoka shambani, na kisichotoka shambani kitoke gulioni kwa msimu wake. Dukani tunanunua chumvi, sabuni na kiberiti, basi. Friji niliiuza. Jiko la gesi nilimwachia kijana wetu Dar, maana huku kuni zipo.

Sijisifu, lakini utaratibu niliupanga vizuri. Masika mboga zinaota karibu zenyewe: mchicha, mnavu, mchunga, mlenda, majani ya kunde na ya maboga. Ikifika Juni kuna mahindi mabichi, maboga yenyewe, na machungwa yanaanza. Halafu mbaazi. Mwisho wa mwaka maembe. Muhogo upo mwaka mzima, kwa hiyo bada, ugali wa muhogo, haikosekani, ama kwa kisamvu cha nazi ama kwa ng'onda. Asubuhi ni uji wa ulezi au makopa, yaani muhogo mkavu, ya nazi. Maharage nachukua ya Lushoto. Kilo nane zimenitoka. Hata dawa za presha siku hizi nameza nikikumbuka, maana naona chakula kinafanya kazi yake.

Shida ni mke wangu. Mwaka wa kwanza hakuwa na neno. Mwaka huu mahindi ya vuli yaliisha mapema, ikawa muhogo na mboga, muhogo na mboga, wiki kadhaa. Akaanza kununa. Siku moja natafuta viatu vya mvua uvunguni mwa kitanda, nakuta mfuko wa mchele kilo tano, pakiti tatu za tambi na chupa ya mafuta. Amenunua kwa pesa yake ya kikoba. Kumbe jioni nikienda barazani kucheza bao, yeye nyuma anajipikia wali.

Sikumtukana wala sikuinua mkono. Lakini mchele ule niliubeba nikampa jirani. Hapo ndipo aliponiambia maneno yanayoninyima usingizi mpaka leo: "Mimi makopa nimeyala Handeni utotoni mpaka nikaapa. Wewe unacheza umaskini, mimi nimekuwa maskini." Nikamwambia anakufuru neema. Mimi nilikulia Tanga mjini, baba alikuwa karani, asubuhi tulikunywa chai kwa mkate, na sioni aibu leo kula makopa. Yeye aliyezaliwa nayo anaona aibu ya nini?

Kilele kilikuwa Idi. Binti yetu alikuja na wajukuu. Nilisema mapema kuwa wali hautapikwa, tutachinja kuku wetu tumle kwa ugali wa dona. Wajukuu walilia. Mama yao akawachukua wakaenda kula chipsi stendi, na aliporudi akaniambia, "Baba, watu wanasema umekuwa bahili." Tangu hapo mke wangu anapika sufuria mbili mchana kweupe, ya kwangu na ya kwake, na anasema anakwenda kwa binti Dar mpaka machungwa yaive.

Naomba ushauri. Nikilegeza, presha itanirudia. Nikishikilia, nyumba inabaki mimi na paka. Na hivi, kwa nini mtu akatae kitu kinachomfaa?

Baba wa Muheza


JIBU

Kaka yangu wa Muheza,

Wa aleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka nilipofika kwenye Idi isiyo na pilau. Mara ya pili nilikuwa namsikiliza mkeo, na kicheko kikakauka.

Kabla ya mchele na makopa, niruhusu nirudi kwenye sentensi uliyoipitia mbio kama mtu anayepita mbele ya anayemdai: dawa unameza ukikumbuka. Presha haipigi hodi. Mtu hujisikia mzima kabisa huku mishipa yake inaumia. Kilo nane ni jambo kubwa, nakupongeza kwa dhati, na huenda daktari akikupima leo akaona vidonge vipunguzwe. Aamue yeye kwa kipimo, usiamue wewe kwa tundu la mkanda wa suruali. Na ukienda kwake, umtajie na ng'onda. Wewe umeiweka kwenye orodha ya vyakula vya babu, na ni kweli babu aliila, ila samaki yule hutiwa chumvi nyingi kabla hajaanikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyokwisha kuwamo ndani ya chakula. Mishipa yako haijui kama chumvi imeletwa na chipsi za mjini au na ng'onda ya pwani. Kumroweka na kumwaga maji kunasaidia kiasi. Kibua mbichi wa kutoka Tanga angekufaa zaidi, akipatikana.

Sasa tuje nyumbani. Nikikusoma vizuri, unasema chakula cha msimu kimekurudishia afya, na mkeo anakikataa chakula hicho kwa aibu ya kijinga, kwa hiyo unalazimika kuchagua kati ya afya yako na ndoa yako. Hilo la kwanza nakubaliana nawe: mboga za majani, mbaazi, kunde, dona na matunda, badala ya chipsi na soda, ni mabadiliko ambayo daktari yeyote angeyapenda. Hayo mengine ndiyo nataka tuyatazame pamoja, taratibu, maana barua yako ina vitu ambavyo nadhani hukukusudia kuniambia.

Umeandika "utaratibu niliupanga." Nimejaribu kuufuata utaratibu huo jikoni. Muhogo uchimbwe, umenywe, uanikwe, utwangwe, uchekechwe, ndipo bada isongwe. Kisamvu kichumwe, kitwangwe kinuni mpaka kilainike, kichemshwe muda mrefu, kwa sababu jani la muhogo lina sumu ambayo kulipika haraka hakuiondoi. Nazi ikunwe kwenye mbuzi, tui likamuliwe. Mbaazi kavu zikae motoni saa nzima na zaidi. Na kwa kuwa friji imeuzwa, kiporo chenye nazi hakilali, kesho kazi inaanza upya. Yote hayo kwa kuni, moshi machoni na kifuani, wakati jiko la gesi liko kwa kijana Dar. Ni nani anayefanya haya? Barua haisemi. Inasema tu kwamba jioni wewe uko barazani unacheza bao.

Sikusemi kwa ubaya, kaka. Wanaume wengi wa rika lako wamelelewa wakikuta chakula mezani. Lakini ulipotoka mjini ukatafuta maisha mepesi, mzigo haukupotea, ulihamia mgongoni kwa mtu mmoja. Inawezekana kabisa mkeo hana ugomvi na kisamvu, ana ugomvi na kinu. Wali wa jioni, ukiacha utamu wake, una sifa moja ambayo mwanamke aliyechoka anaielewa: unaiva kwa dakika ishirini.

Halafu kuna Handeni. Hapa ndipo nilipokaa zaidi.

Unauliza kwa nini yeye aliyezaliwa na makopa ayaonee aibu wakati wewe uliyekulia kwenye mkate huyaonei. Mimi naliona kinyume chake. Wewe huyaonei aibu *kwa sababu* ulikulia kwenye mkate. Kwako makopa ni kitu ulichokichagua ukiwa na pensheni mfukoni, na siku ukichoka unaweza kuacha. Ikiwa mkeo ni mdogo kwako kwa miaka michache, basi mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa msichana mdogo. Unaikumbuka miaka ile: sukari na sabuni kwa foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambao watu waliula huku wamekunja uso. Na Handeni mvua ina tabia ya kuwasahau. Mtoto aliyekula makopa asubuhi na jioni, wiki kwa wiki, kwa sababu hakukuwa na kingine, hakujifunza kwamba makopa ni chakula cha afya. Alijifunza kwamba makopa ndiyo sura ya njaa. Akakua, akaolewa na mtu wa mjini, akapika wali, na kila sufuria ya wali ikawa inamwambia, "umevuka." Sasa wewe umemrudisha ng'ambo ile, na akilalamika unamwambia anakufuru. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sijui kama ndivyo anavyohisi. Nakisia kutokana na sentensi mbili ulizoninukulia. Wewe unaweza kumuuliza, mimi siwezi. Ila ukimuuliza, usiulize kama wakili. Muulize habari za Handeni, ya mwaka gani, nani alikuwa anapika, walikula wangapi sinia moja, halafu unyamaze.

Nikuguse kidogo na kwenye ule muhogo-na-mboga wa wiki kadhaa, maana hapo mkeo hakuwa anadeka. Muhogo unashibisha, lakini protini yake ni kidogo mno. Na ukiwa ni ule mchungu, kuuanika peke yake hakutoshi kuondoa sumu, sharti urowekwe ama uvundikwe vizuri kwanza. Watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa, wiki nyingi, bila maharage wala samaki, wamewahi kupata ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Umetokea hapa hapa nchini, Mtwara na Mara. Sisemi ninyi mko hatarini, hasa kama muhogo wenu ni mtamu na maharage yapo. Nasema mwili wa mtu unaponung'unika kwa kula kitu kimoja, mara nyingine unasema kweli. Na wajukuu wale wanaokua wanahitaji mafuta kidogo, mayai, karanga, uji mzito. Sinia la mlenda na ugali si adui yao, ila tumbo la mtoto ni dogo na hushiba maji ya mlenda kabla hajapata cha kumkuza.

Sasa pilau. Hili nalo ningependa ulifikirie kwa upole, maana naona sheria yako ina tundu. Unasema unakula cha hapa. Maharage unayokula yanatoka Lushoto. Gunia likiteremka kutoka Lushoto kuja Muheza linapita Mombo, linapita Korogwe, na njiani humo mna mabonde ya mpunga. Yaani maharage yako yamesafiri mbali kuliko ambavyo mchele ungesafiri. Iliki, mdalasini na pilipili manga vinalimwa Amani, hapo juu ya vichwa vyenu. Kuku alikuwa uani. Ukiitazama hivyo, pilau ya Idi ingekuwa chakula cha nyumbani kuliko vitu vingi ulivyoviruhusu. Kwa hiyo najiuliza, na wewe ujiulize: kilichokatazwa siku ile kilikuwa ni chakula cha mbali, au kilikuwa ni kile anachokipenda yeye? Pengine jibu ni la kwanza. Pengine ulishaanza kushindana bila kujua.

Tambi ni habari nyingine, ngano yetu nyingi huagizwa, hapo una hoja. Lakini pakiti tatu kwa mwezi hazijawahi kumuua mtu.

Umenitaka nikuambie ulegeze au ushikilie. Sitachagua kwa niaba yako, ila naweza kukuonyesha kila njia inafikia wapi.

Ukishikilia kama ulivyo, utabaki na sheria yako yote. Huenda mkeo akaenda Dar na akarudi machungwa yakiiva, na kumbuka mke kwenda kukaa kwa binti yake miezi miwili si talaka, wengine hurudi wamepumzika. Hatari ni kwamba akifika kule akakuta gesi, friji na wajukuu, machungwa yanaweza kuiva mpaka yakaoza. Na wewe utakayebaki na paka, nani atakutwangia kisamvu? Nahofia utarudi kwenye chipsi za stendi kwa njaa tu.

Ukilegeza kila kitu, utapata amani ya wiki mbili tatu. Halafu mafuta yatarudi, soda itarudi, na presha ikipanda utamtazama yeye kama aliyekupandishia. Kinyongo cha namna hiyo hukaa ndani ya nyumba kama harufu ya vumba.

Kuna sufuria mbili. Wewe umeziona kama aibu, mimi sioni haraka ya kuziondoa. Watu wawili wanaweza kula mboga moja, kila mmoja na kitu chake cha kushibia, wewe dona, yeye wali. Ila hii inafaa pale tu mtakapokula mkeka mmoja na kwa wakati mmoja. Mkishaanza kula kwa zamu, mtu akiwa barazani na mwingine jikoni, ndiyo mwanzo wa kuishi kama wapangaji.

Au unaweza kuanza na mikono yako. Usimtangazie, fanya. Asubuhi moja chukua mchi. Wapo wanaosaga kisamvu kwa mashine siku hizi, na mbaazi zikilowekwa usiku kucha hupunguza kuni. Jiko dogo la gesi la kupikia wali na chai halivunji maisha mepesi ya mtu. Nakuonya tu kwamba atakushuku. Mwanamume aliyepindua ratiba ya nyumba akaonekana ghafla na mchi mkononi, mke lazima ajiulize anataka nini. Itachukua muda.

Njaa ya Machi nayo huanzia Agosti. Mbaazi na kunde zikivunwa, zitengeni za kutosha hadi masika yajayo. Majani ya kunde na mlenda yaanikwe kivulini, yasiungue na jua. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si ardhini, yakauke kabisa kabla ya kutiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu ukungu ukiingia unaleta sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na walikuwa wakila mahindi ya kwao wenyewe. Hesabu ya kuweka akiba mfanye wawili. Mtu aliyeona njaa utotoni ana jicho la ghala ambalo wewe huna. Yeye ndiye aliyeona mapema kwamba mahindi ya vuli hayafiki Aprili, na akaweka mchele uvunguni. Hata kile kitendo ukikigeuza upande wa pili, kilikuwa ni akiba.

Kuhusu kilo tano ulizompa jirani: zilikuwa pesa zake za kikoba. Yeye angechukua jembe lako akamgawia mtu, sidhani kama ungeliita jambo hilo maisha mepesi. Utamwambia nini juu ya hilo, na lini, unajua wewe.

Jambo la mwisho. Katika barua yako nimehesabu vyakula kama ishirini, kuanzia mnavu mpaka maembe, na vingi umeniambia vinapatikana msimu gani. Ukiacha ule mchele uliomnyang'anya, hakuna hata kimoja ulichoniandikia kwamba mama watoto anakipenda. Mmekaa pamoja miaka mingi, bila shaka unakijua. Ukikikumbuka, niandikie na hicho, na uniambie kinaiva mwezi gani.

Dada yako,
Mshauri